Mko Ishirini na Njaa Zenu: Sumbawanga Mtakaa Wapi?

Desemba ikikaribia, mabasi ya kutoka Dar, Mbeya na Tunduma yanaingia Sumbawanga yamejaa hadi mlangoni. Wanashuka watu ambao hamjaonana tangu kidato cha nne. Wengine wamenenepa, wengine wamerudi na lafudhi mpya, na kila mmoja akishatua begi anashika simu: "Oyaa, tukutane basi!" Poa, tukutane. Lakini tukutane wapi? Hapo ndipo watu wazima na akili zao wanapozozana wiki nzima kwenye kundi la WhatsApp, na siku yenyewe ikifika wanajikuta wamesimama kando ya barabara na chupa za soda mkononi, kama watu wanaongoja gari la kwenda shamba.

Safu ya leo ni ya kuwaokoa na aibu hiyo. Iwe ni waliosoma pamoja, kikundi cha kuweka na kukopa, timu ya mpira ya mtaa, kamati ya send-off au ukoo mzima unaompongeza mtoto wa kipaimara, swali ni lile lile: mahali pa faragha, pa kula mkashiba, mkacheka kwa sauti bila meza ya jirani kugeuza shingo. Sumbawanga viwanja vipo, usidanganywe. Kinachotakiwa ni kujua unachagua nini.

Kwanza tulimalize lile neno. Wageni wenu wa Dar watakuja nalo mdomoni, nakuambia. "Eti Sumbawanga mtu anakula kwa watu hivi hivi?" Watacheka, lakini utaona wanavyoikagua sahani. Sasa waelezeni bila hasira. Wazee wa hapa wanasema jina lenyewe limetokana na Kifipa, na maana yake ni kutupa uchawi. Yaani mgeni aliyekuja nao aumwage huko huko nje kabla hajaingia. Mji uliojiita hivyo ndio unaogopwa kwa uchawi! Na si utani mtupu, maana nchini mwetu wako vikongwe waliouawa kwa maneno kama hayo ya kushikiana uchawi. Kwa hiyo mnapomkalisha mgeni chini, mkanawa naye maji kwenye beseni moja na kutia mkono kwenye ugali mmoja, mnafanya kazi ambayo semina kumi haziwezi. Ndiyo maana nasema mahali pa kula si jambo la mchezo.

TAREHE KABLA YA UKUMBI

Wengi wanaanza na ukumbi. Anza na kalenda. Desemba inawafaa wa mjini kwa sababu ya likizo, na wengine mfukoni wana kitu. Lakini Ufipa ni nchi ya wakulima. Desemba mvua zimeshaanza, mbegu na mbolea zimenunuliwa, mahindi ndiyo kwanza yanachungulia. Mwenzenu aliyebaki shambani Laela au Mtowisa huo ndio mwezi ambao mfuko wake una upepo. Ukimwambia atoe mchango wa kichwa, hakatai. Anakaa kimya tu.

Geuza kalenda utazame Julai na Agosti. Mahindi, maharage na ulezi vimetoka shamba, mkulima ameuza magunia yake, barabara za vumbi zimekauka, na Nane Nane ni sikukuu. Ubaya wake ni baridi. Huku juu tuko kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi haikuulizi umevaa nini. Dada aliyekuja na kigauni chake cha Kinondoni atalala na shuka mbili na blanketi. Basi ikiwa ni kipupwe fanyeni mchana, saa saba mpaka saa kumi na moja, watu wakiota jua. Ikiwa ni masika, msithubutu kukaa bustanini bila turubai. Mvua ya Ufipa haipigi hodi.

KUMBI ZA MAKANISA

Ukiuliza mjini ukumbi wenye heshima, watakuelekeza Libori kwa Wakatoliki, au kituo cha mikutano cha Wamoraviani. Sehemu hizi zimezoea watu wengi. Semina zinafanyika humo, wageni wanalala humo humo, na mpishi hashituki akisikia watu hamsini. Kwa kikundi kama chenu faida ni tatu: viti vipo, choo kipo, na hakuna mlevi wa nje atakayekuja kuomba "bia moja tu bro".

Lakini nyumba ya mtu ina sheria zake. Kabla hujatoa hata senti, uliza pombe inaruhusiwa au la, muziki mwisho saa ngapi, na kama mnaweza kuleta mpishi wenu. Mkijibiwa hapana, msikunje sura. Hapo mnakula, mnaongea, mnafunga shughuli saa mbili usiku, na wale wenye kiu wataendelea na safari yao. Kwa kipaimara, kikao cha ndoa au kikundi chenye mama wa makamo, hakuna kiwanja bora kuliko hiki.

HOTELI NA BUSTANI ZA NYAMA CHOMA

Hapa ndipo vijana tunapopapenda, na hapa ndipo pana mitego. Hoteli nyingi za mjini zina chumba cha pembeni au kibanda cha makuti nyuma. Wakikuambia "chumba cha faragha", nenda ukakione kwa macho, tena nenda saa ile ile mtakayokuja. Ukumbi unaoona saa nne asubuhi umetulia, saa mbili usiku unakuta ukuta wa pili ni baa yenye spika mbili zinazotikisa mpaka glasi. Mtaambizana "Eeh?" "Nini?" mpaka mtakapoagana.

Kisa kimoja cha kweli. Kundi letu liliwahi kuweka nafasi mahali fulani mjini, jina nitalihifadhi. Tulitanguliza nusu ya fedha, tukaambiwa kila kitu kiko sawa. Tulipofika tulikuta kikao cha watu wengine kimekaa kwenye viti vyetu, wanakula mbuzi anayefanana sana na wetu. Meneja simu haipatikani. Tangu siku hiyo tunadai risiti yenye tarehe, saa, idadi ya watu na chakula chenyewe, na mtu wetu mmoja anatangulia saa mbili kabla ya wageni. Asubuhi anapiga simu, mchana anakwenda mwenyewe. Huyo mpeni soda ya bure, anastahili.

Hesabu nayo ifanyeni mapema. Tuseme sahani moja ni shilingi 15,000 na mko watu 20. Hiyo ni 300,000. Ongeza vinywaji viwili kila mtu, ongeza wa muziki, ongeza bodaboda za kuwarudisha watu usiku Chanji, Katandala na Kizwite, mtashangaa mmekaribia nusu milioni. Na kila mara kuna watatu wasiolipa na wawili waliokuja na "shemeji". Kwa hiyo bei ya kichwa igawanywe kwa watakaolipa. Ukigawa kwa waliosema watakuja, umeumia.

Jambo lingine ni la dini. Sumbawanga kitimoto ni kiwanja chake, wapenzi wa mbuzi katoliki wanaijua njia gizani. Lakini kama kundi lenu lina akina Juma na Mwanaidi, msiwapeleke mahali ambapo jiko ni moja na kisu ni kimoja halafu mkawaambia "nyie kuleni chipsi". Huko ni kumwalika mtu halafu kumfungia mlango. Mbuzi achinjwe na Mwislamu, wote mle, hakuna aliyepungukiwa. Kitimoto kitakungoja kesho, hakina miguu ya kukimbia tena.

UANI KWA MTU

Kuna kiwanja kimoja vijana wanakidharau: ua wa nyumbani. Mkikodi turubai, viti vya plastiki na mama mpishi mwenye masufuria yake makubwa, mmepata ukumbi ambao hakuna anayewafukuza. Mbuzi mnanunua mnadani, mchele mnanunua sokoni, kuni au mkaa vipo, na mtu asiye na fedha anaweza kuleta alichonacho: debe la maharage, jogoo, mafuta, au mikono yake ya kumenya vitunguu kuanzia asubuhi.

Mkiamua hivyo, kumbukeni adabu ya hapa. Mwenye nyumba aombwe na watu wawili waliokwenda kwa miguu yao. Simu haitoshi. Wazee wakipita, kijana anainuka, na wa mila watawasalimu kwa kuchuchumaa na kupiga makofi taratibu. Mgeni wa Dar asidhani ni maigizo. Ajifunze, apige makofi yake, atapendwa mpaka atafungiwa ugali wa njiani. Na jirani apelekewe sahani kabla muziki haujafunguliwa. Sahani ya wali na nyama inanyamazisha malalamiko kuliko barua ya mtendaji.

MKITAKA KUTOKA NJE YA MJI

Sasa wale wa "tubadilishe mazingira". Ufipa hakuna haja ya kwenda mbali. Milima ya Mbizi iko pale pale juu ya mji. Msitu wake wa asili una mbega wekundu, na ukisimama kwenye ukingo wa bonde unaliona Ziwa Rukwa chini kabisa linameta. Kwa kikundi cha watu kumi na chakula kwenye mahotipoti, ni mtoko wa nusu siku. Ombeni ruhusa kwa wahusika wa msitu, msiwashe moto hovyo, na takataka zenu mrudi nazo. Mbega hawana kazi na chupa zenu za plastiki.

Mkiteremka bondeni kwa njia ya Ntendo na Muze, mnashuka karibu mita 1,000. Asubuhi umevaa sweta, mchana unajipepea kwa kofia. Huko ndiko kwenye mpunga, kwenye ng'ombe wa Wasukuma waliohamia na mifugo yao, na kwenye perege na kambale wa Ziwa Rukwa. Msitegemee mgahawa wa vitambaa mezani. Mtangulizeni mtu siku moja kabla, aongee na mama lishe, ataje idadi, aache fedha ya kununulia samaki. Mkifika chakula kinafuka moshi. Na ziwani kaeni mbali na maji, mamba wa Rukwa hawajui kama nyie ni wageni. Masika msijaribu na gari dogo, mtakula mlivyobeba mkiwa mmekwama njiani.

Wenye nafasi zaidi waende Kalambo. Kutoka Sumbawanga mnapita Matai, makao makuu ya wilaya ya Kalambo. Maporomoko yake yanadondoka kwa mruko mmoja wa zaidi ya mita 200, takriban mara mbili ya kimo cha yale ya Victoria, na mto wenyewe ndio mpaka wetu na Zambia. Upande wa kwetu Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, wametengeneza ngazi za kushuka. Kushuka ni starehe, kupanda ni mtihani wa taifa. Kwa hiyo pandeni kwanza, mle baadaye. Niliona mtu ameshindilia pilau ndiyo akashuka ngazi, na kurudi alirudi kwa kuzitaja dhambi zake moja moja.

Mkiwa mmekaa pale mnapumua, mwambieni yule mjuaji wenu kitu asichokijua. Juu ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, mwaka 2019 watafiti walifukua magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature: kazi hiyo ya mikono ina umri wa miaka wapatayo 476,000. Yaani watu walikuwa wanatafuta mahali pazuri pa kukaa pamoja kando ya maji haya hata kabla binadamu wa sasa hajatokea. Nyie mnashindwa kuchagua kati ya hoteli mbili?

Ukiendelea na barabara ile unafika Kasanga, Ziwa Tanganyika, ambako Wajerumani walipaita Bismarckburg. Hapo mgebuka anatoka majini anaingia jikoni, na kuhe mmoja mkubwa analisha meza nzima. Upande wa Nkasi kuna Kipili, yenye ufukwe na visiwa mbele yake, penye loji kwa wale ambao mshiko si tatizo. Huko msiende na kurudi siku moja mkiwa na dereva aliyekesha. Laleni. Uhai ni bora kuliko picha.

MEZANI KUWE NA NINI

Ushauri wangu ni mmoja: mgeni aliyetoka mbali asilishwe chipsi mayai. Hizo kaziacha Manzese. Mpeni ugali wa ulezi, ule mweusi mzito, na maharage ya Ufipa yaliyoungwa vizuri, na mgebuka wa kukaanga au wa moshi. Pembeni wekeni wali wa mchele wa bondeni na kuku wa kienyeji kwa ajili ya wale wenye matumbo ya mjini. Tangu barabara ya Tunduma na ile ya Kasanga zilipowekwa lami, samaki wa Tanganyika anafika mjini akiwa bado na heshima yake. Wakubwa wetu wanasimulia Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilometa 200, ilivyokuwa safari ya kutwa nzima, na masika unalala njiani na gunia lako. Leo unaondoka Tunduma asubuhi, mchana uko mezani.

Halafu maswali ya mwisho kabla ya kulipa. Jenereta lipo? Miaka mingi umeme wa Sumbawanga ulitoka Zambia kupitia Mbala, na sisi wa hapa tumekulia kwenye giza la ghafla, tunaijua dawa yake: ulize mafuta ya jenereta ni ya nani. Maji yapo chooni? Wanawake watarudi vipi usiku? Anayesimamia fedha ni nani, na nani anamsimamia yeye? Mkishajibu haya manne, mmemaliza.

NANI HAYUPO?

Hapana, bado moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka jana kundi letu lilikuwa limeshaafikiana hoteli, sahani shilingi 20,000, nguo rangi moja. Kila mtu anaweka alama ya dole gumba. Mmoja tu, mwenzetu aliyebaki Laela analima, akaandika, "Nawatakia sherehe njema." Watu wakamjibu ahsante, mazungumzo yakaendelea kuhusu keki.

Dada mmoja katika kundi alilishika lile neno. Akampigia pembeni, bila kuwaambia wengine. Jamaa akacheka kwanza, kisha akasema fedha yote imeingia kwenye mbolea, alichonacho ni nusu gunia la maharage na kuku wawili, na hoteli haipokei kuku mlangoni. Dada akarudi kwenye kundi, wala hakumtaja. Aliuliza swali moja tu: "Hivi tunataka ukumbi au tunataka watu?"

Palikuwa na kelele, sitaki kuwadanganya. Aliyekuja na gari kutoka Dar alisema hawezi kukaa kwenye viti vya plastiki. Mwingine akasema tumchangie huyo asiyeweza, tumlipie, yaishe. Lakini mtu mzima hapendi kulipiwa mbele za watu, hasa na wale aliokuwa akiwafundisha hesabu darasani. Mwisho tukahamia uani kwa shangazi wa mwenzetu, Chanji. Fedha ikawa 7,000 kwa mwenye fedha, na mwenye chakula akaleta chakula, kikaandikwa kwenye daftari sawa na fedha. Tulitoka kumi na wawili wa hotelini tukawa kumi na tisa. Wale saba walioongezeka hakuna aliyekuwa amesema hawezi. Walikuwa wamekaa kimya tu, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Maharage ya Laela yaliisha kabla ya nyama. Mwenye gari alikaa kwenye kiti cha plastiki mpaka saa nne usiku, na ndiye aliyewarudisha watu makwao.

Angalieni misiba yetu. Msibani hakosi mtu, anakuja wa gari na wa baiskeli, wanakaa mkeka mmoja, wanakula wali wa sufuria moja. Sababu mnaijua: hakuna kiingilio. Je, mpaka mmoja wetu afe ndiyo tuonane wote?

Kwa hiyo vijana wenzangu wa Sumbawanga, na nyie mnaokuja, chagueni Libori, chagueni hoteli, chagueni Mbizi au Kasanga, vyote ni viwanja vyenu. Lakini kabla hamjatuma fedha ya kutanguliza, pitieni majina ya kundi moja moja, na yule aliyeandika "nawatakia sherehe njema" mpigieni simu leo. Kazi kwenu. Tukutane wiki ijayo, na mkipika ugali wa ulezi mnikumbuke.